Baba wa Jericho: Kutoka Mleta Mshahara hadi Mlezi

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, na hasa katika mtaa wa Jericho ulioko eneo la Makadara, nafasi ya baba nyumbani imebadilika mara kadhaa katika muda wa takriban miaka mia moja, na kila badiliko limetokana na mambo matatu yanayoshikamana, yaani mshahara anaoupata mzazi, nyumba anayoishi na sheria inayomwongoza. Mjadala wa siku hizi kuhusu baba anayempeleka mtoto kliniki, anayefua nguo za shule au anayepika chakula cha jioni huendeshwa mara nyingi kana kwamba jambo hili limezuka jana au limeletwa na filamu za ng'ambo na mitandao ya kijamii. Historia ya Nairobi inaonyesha vingine. Baba anayeshiriki malezi hapunguzi heshima yake wala haigi wageni, bali anarejea mahali ambapo mji wa kikoloni ulimwondoa kwa makusudi, na linalobaki ni kuhakikisha kwamba anapata muda wa kuwapo.

Mji uliomtaka mfanyakazi bila familia yake

Katika jamii nyingi ambazo watu wake walikuja kukaa Jericho, baba hakuwa mlezi wa watoto wachanga, lakini pia hakuwa mtu wa mbali. Miongoni mwa Wakikuyu, thingira, yaani nyumba ya baba iliyojengwa kando na ile ya mama, ilikuwa mahali ambapo wavulana waliokwisha kukua walifunzwa mila, historia ya ukoo na kazi za wanaume. Miongoni mwa Wajaluo, duol, yaani kibanda cha mwenye boma, ilikuwa na kazi kama hiyo, kwa kuwa wanaume na vijana walikusanyika hapo jioni wakila na kuzungumza. Mgawanyo huo haukuwa wa usawa, maana mzigo wa watoto wadogo, maji, kuni na jiko ulimwangukia mama na mabinti zake, lakini mtoto alimwona baba yake kila siku, na palipopungua baba walikuwapo baba wadogo, wajomba na mababu.

Nairobi, iliyoanza mwaka 1899 kama kituo cha reli, iliuvunja utaratibu huo. Serikali ya kikoloni ilimhitaji Mwafrika mjini kama kibarua, wala haikumtaka kama mkaazi mwenye mke na watoto, na kuanzia mwaka 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alilazimika kubeba kipande, yaani hati ya utambulisho iliyoandikwa habari za mwajiri wake na mshahara wake. Malipo yenyewe yalikadiriwa kwa kile kilichoitwa mshahara wa mseja, maana yake kiasi kinachomtosha mtu mmoja asiye na familia, kwa hoja kwamba mke na watoto walijilisha kwa shamba lao mashambani. Makao ya wafanyakazi yalifuata hesabu hiyohiyo, kwa sababu wengi wao walipangiwa nafasi ya kitanda katika chumba walichochangia na wanaume wenzao, na chumba cha namna hiyo hakikuwa na mahali pa mtoto.

Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko waliopanga mji walivyofikiri. Baba wa watoto wengi wa Nyanza, Ukambani, Magharibi na Kati aligeuka kuwa mtu wa barua, wa fedha zinazotumwa na wa zawadi za likizo, anayefika nyumbani mara moja au mbili kwa mwaka kisha akarudi mjini kabla watoto hawajamzoea. Heshima yake ilibaki, na pengine iliongezeka, lakini ilikuwa heshima ya mtu asiyekuwapo. Hapo ndipo mizizi ya wazo kwamba kazi ya baba ni kuleta fedha, na kwamba mengine yote ni ya mama, ilipozama ndani zaidi. Wazo ambalo leo hutetewa kama mila ya Kiafrika lilitiwa nguvu, kwa sehemu kubwa, na hesabu za mwajiri wa kikoloni.

Jericho na kukubaliwa kwa familia

Badiliko lilianza katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ilipoona kwamba mji uliojaa wanaume wenye mishahara duni na wasio na familia karibu ulikuwa mji wenye hasira. Kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika na kutoa ripoti yake mwaka 1954, iligundua kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni za watu binafsi walilipwa kiasi kisichotosha hata mahitaji ya lazima, ikapendekeza kwamba mshahara wa chini usogezwe hatua kwa hatua hadi ukadiriwe kwa mahitaji ya familia. Pendekezo hilo lilikuwa na maana pana kuliko shilingi zilizotajwa, kwa kuwa lilikiri kwamba mtu anayefanya kazi mjini ana mke, ana watoto, na ana haki ya kukaa nao.

Nyumba za mitaa ya Ofafa, Jericho ukiwa mmojawapo, zilijengwa katika mkondo huo. Mitaa hiyo ilipewa jina la Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953, na jina lake bado linasikika katika shule ya Ofafa Jericho. Jericho ilipokamilika, karibu na wakati wa uhuru, ilipokea makarani, mafundi, walimu, wafanyakazi wa reli, wa posta na wa baraza la jiji, ambao wengi wao walikuwa watu wa kwanza katika koo zao kuishi mjini pamoja na watoto wao. Nyumba zake zilikuwa ndogo, zenye vyumba vichache, lakini zilikuwa na mlango wa familia moja, jiko la familia moja na uwanja wa pamoja mbele yake ambapo watoto wa makabila mbalimbali walicheza na kukua wakizungumza Kiswahili na Sheng.

Udogo huo wa nyumba uliibadilisha nafasi ya baba kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Mjini hapakuwa na thingira wala duol ya kujitenga, na baba aliyerudi kutoka Eneo la Viwanda au mjini kati jioni alikaa sebule ileile ambayo watoto walifanyia kazi za shule, wakala na hatimaye wakatandika magodoro yao. Alisikia mtoto akikohoa usiku, na alijua nani amefukuzwa shule kwa sababu ya karo. Hata hivyo ukaribu wa mwili haukuwa sawa na ushiriki, kwani baba wengi wa kizazi hicho walisimama kama hakimu wa nyumba ambaye mama aliwatisha watoto kwa kuja kwake, nao watoto walinyamaza waliposikia hatua zake mlangoni. Nidhamu ya kiboko ilionekana kuwa sehemu ya kawaida ya kazi yake, na mapenzi yake yaliwafikia watoto kwa njia ya karo, viatu vya Krismasi na safari ya Desemba kwenda mashambani.

Mshahara ulipoyumba

Ubaba uliojengwa juu ya mshahara ulikuwa imara kwa muda ambao mshahara wenyewe ulikuwa imara. Kuanzia miaka ya 1980 na zaidi katika miaka ya 1990, sera za marekebisho ya uchumi, yaani masharti ya wakopeshaji wa kimataifa yaliyoitaka serikali ipunguze matumizi na idadi ya watumishi wake, ziliwapokonya kazi wafanyakazi wengi wa umma, na mashirika yaliyokuwa yakiajiri wazazi wa Eastlands yakadhoofika. Wakati huohuo karo na gharama za hospitali zilipanda. Akina mama, ambao tayari walikuwa na vibanda sokoni, mitumba ya Gikomba au biashara ya chakula kando ya njia, wakawa katika nyumba nyingi ndio wenye fedha za kila siku, na vyama vyao vya akiba vikawa benki iliyolipa karo.

Mtafiti Margrethe Silberschmidt, aliyechunguza hali ya wanaume huko Kisii na baadaye Dar es Salaam, alieleza jinsi kupotea kwa uwezo wa kuikimu familia kulivyowaondolea wanaume wengi msingi wa heshima yao, na jinsi baadhi yao walivyojaribu kuirudisha kwa pombe, kwa ugomvi nyumbani au kwa wanawake wa nje. Maelezo hayo yanafanana na yale ambayo watu waliokulia Eastlands wanayakumbuka. Mwanamume aliyefunzwa kwamba thamani yake yote ni mshahara hubaki bila nafasi nyumbani siku mshahara unapokatika, ingawa watoto wake bado wanamhitaji kama walivyomhitaji jana. Kwa hiyo kupanua maana ya ubaba humlinda mwanamume mwenyewe pia, kwa sababu humpa nafasi ambayo mwajiri hawezi kuifuta kwa barua.

Nguvu nyingine zimefuata. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alitarajiwa kuzaa, kwa wastani, takriban watoto 8 katika maisha yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wastani huo umeshuka hadi 3.4, na Nairobi uko chini zaidi ya hapo. Familia yenye watoto wawili au watatu, isiyo na dada wakubwa wa kuwabeba wadogo na yenye nyanya aliye mbali mashambani, humhitaji baba kwa kazi ambazo zamani zilifanywa na wengine. Kwa upande mwingine, kina mama wengi wa Kenya wamekwenda kufanya kazi za nyumbani Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba, wakawaacha watoto na baba au nyanya zao, hivi kwamba hadithi ya mji wa kikoloni imegeuka: mama ndiye anayetuma fedha kwa simu, na baba ndiye anayeamka kupika uji.

Sheria ilivyosogea

Sheria ya Kenya imekuwa na safari ndefu kuhusu baba. Mwaka 1959 ilitungwa sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kumshtaki baba wa mtoto ili achangie matunzo, lakini Bunge, ambalo wabunge wake wote walikuwa wanaume, liliifuta mwaka 1969, na kwa miongo zaidi ya mitatu mama wa namna hiyo alikosa njia hiyo mahsusi ya kumdai baba matunzo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilirekebisha sehemu tu ya kasoro hiyo, kwa sababu iliweka wajibu wa mzazi, yaani jumla ya haki na majukumu ambayo mzazi anayo kwa mtoto wake, kwanza kwa mama pale wazazi walipokuwa hawajaoana, na baba akaupata kwa makubaliano, kwa amri ya mahakama, au kwa kumkubali na kumtunza mtoto.

Katiba ya mwaka 2010 ilikata shauri hilo. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi, na kinaeleza wazi kwamba mama na baba wana wajibu sawa wa kumkimu, wawe wameoana au hawajaoana. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilibatilisha kipengele cha sheria ya usajili wa vizazi kilichozuia jina la baba asiyemwoa mama kuandikwa bila masharti maalumu, kwa kuwa kilimnyima mtoto sehemu ya utambulisho wake. Sheria mpya ya Watoto ya mwaka 2022 iliingiza usawa huo wa wajibu katika utaratibu wa kila siku wa mahakama na maafisa wa watoto. Usawa huo una pande mbili: baba hawezi tena kuukana mzigo kwa hoja kwamba hakuoa, na baba anayetaka kuwa karibu na mtoto wake baada ya kuachana na mama anaweza kudai nafasi hiyo, mradi maslahi ya mtoto yatangulie ya wazazi wote wawili.

Kwa upande wa kazi, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilimpa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye mshahara kamili na baba majuma mawili. Tofauti hiyo ina sababu ya kimwili, maana mama ndiye anayejifungua na kunyonyesha, lakini majuma mawili pia hufundisha kwamba baba ni mgeni anayesaidia kwa muda kisha akarudi kwenye shughuli zake. Uswidi, iliyoanza mwaka 1974 kuwapa wazazi wote wawili likizo ya malezi wanayoweza kugawana, iligundua kwamba wababa wengi hawakuichukua mpaka mwaka 1995 ilipotengwa sehemu ambayo hupotea baba asipoitumia. Nchi hiyo ina utajiri na desturi tofauti na za Kenya, lakini somo lake ni la watu wote, kwamba tabia ya baba hubadilika haraka zaidi pale taratibu za kazi zinapomtarajia awe nyumbani.

Nguzo tatu za ubaba

Wataalamu wa makuzi ya watoto, wakiongozwa na Michael Lamb na wenzake katika miaka ya 1980, walipendekeza njia ya kuupima ushiriki wa baba kwa nguzo tatu. Ya kwanza ni ushirikiano wa moja kwa moja, yaani muda ambao baba anamlisha, anamwogesha, anacheza au anazungumza na mtoto. Ya pili ni upatikanaji, yaani kuwapo karibu ili mtoto akimhitaji amfikie, hata kama baba ana shughuli nyingine. Ya tatu ni uwajibikaji, yaani kubeba akilini mambo ya mtoto na kuhakikisha yametekelezwa.

Nguzo hizo zinasaidia kuiona Jericho ya leo bila kuisifu kupita kiasi wala kuidharau. Ushirikiano wa moja kwa moja unaonekana kwa macho: asubuhi baba amemshika mtoto mkono akimvusha barabara kuelekea shule, Jumamosi anampeleka kwa kinyozi, na wikendi anasimama pembeni mwa uwanja wa Camp Toyoyo akimtazama kijana wake akicheza kandanda. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, umewasukuma wababa wengi kuketi chini kukata makaratasi, kuchora na kutafuta vifaa vya kazi za mradi. Kufungwa kwa shule kuanzia Machi 2020 kwa sababu ya korona nako kuliwaweka wazazi na watoto chumba kimoja kwa miezi mingi, na baba wengi walijua kwa mara ya kwanza siku nzima ya mtoto inavyokwenda.

Nguzo ya tatu ndiyo bado nzito kwa mama. Ni yeye, kwa kawaida, anayejua tarehe ya chanjo iliyoandikwa katika kijitabu cha kliniki, anayekumbuka kwamba sweta imebana, anayejua ni mwalimu gani wa kupigiwa simu, na anayepima unga uliobaki dhidi ya siku zilizobaki kabla ya mwisho wa mwezi. Baba anayesema atasaidia akiambiwa cha kufanya amebeba kazi ya mikono lakini amemwachia mwenzake kazi ya kufikiri, na kazi hiyo huchosha bila kuonekana. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Takwimu la Taifa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake nchini hutumia muda wa takriban mara tano ya wanaume katika kazi za nyumbani na za matunzo zisizolipwa. Pengo la ukubwa huo haliwezi kuzibwa na matembezi ya Jumapili.

Saa ambazo baba hana

Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kuliweka jambo hili lote juu ya nia ya mtu mmoja mmoja. Zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wa Kenya wako katika sekta isiyo rasmi, ile inayoitwa jua kali, ambako hakuna likizo ya baba kwa sababu hakuna mkataba wa ajira. Dereva wa matatu anayeanza kazi kabla ya alfajiri na kurudi saa nne usiku, mwendesha bodaboda, mlinzi wa zamu ya usiku na kibarua wa ujenzi huwaacha watoto wamelala na kuwakuta wamelala, na umbali wao na watoto hautokani na kukosa upendo. Mji wa kikoloni uliwatenga na watoto kwa kilomita mamia. Mji wa leo unawatenga kwa urefu wa siku ya kazi na kwa foleni ya Barabara ya Jogoo.

Kuna pia aibu, ambayo ina nguvu kuliko inavyokiriwa. Mwanamume anayefua nguo za mtoto kwenye karai mbele ya nyumba huweza kuulizwa na majirani kama mkewe ni mgonjwa, na huyo mke naye huweza kuambiwa na wakwe kwamba amemkalia mumewe. Baadhi ya wababa hufanya kazi hizo mlango ukiwa umefungwa. Wavulana wanaokua wakiona jambo jema likifichwa hujifunza kulionea haya, na kwa sababu hiyo mabadiliko yanahitaji kuungwa mkono hadharani, makanisani na misikitini, katika vyama vya mtaa na katika timu za kandanda, na wanaume wanaoheshimiwa mtaani. Akina mama nao wana sehemu yao, kwa kumwachia baba nafasi ya kujifunza na kukosea bila kunyang'anywa mtoto mikononi.

Yapo mambo ambayo taasisi zinaweza kuyafanya bila gharama kubwa. Kliniki za wazazi zikifunguliwa baadhi ya jioni na Jumamosi, baba mwenye kibarua ataweza kufika, na wauguzi wakizungumza naye badala ya kumwelekeza akasubiri nje, atarudi. Shule zikiandika namba za simu za wazazi wote wawili na kumpigia baba pia mtoto anapougua, zitakuwa zimehamisha sehemu ya ule mzigo wa kukumbuka. Mipango ya kubomoa na kujenga upya mitaa ya zamani ya Eastlands, Jericho ikiwamo, inapaswa kupimwa kwa kigezo hiki pia: majumba marefu yatakayokosa viwanja, vijia salama na mahali pa wazazi kuketi wakiwatazama watoto yatakuwa yamerudia kosa la wale waliojenga nyumba kwa kumfikiria mfanyakazi peke yake.

Wahenga walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana, na kwa vizazi kadhaa mkono wa pili ulizuiliwa na kipande, na nafasi ya kitanda katika chumba cha kuchangia, na sheria iliyomsamehe baba, na mshahara uliomfanya aamini kwamba akishalipa amemaliza. Vizuizi vya sheria vimekwisha kuondolewa kwa sehemu kubwa, na mtoto anayezaliwa leo Jericho ana haki iliyoandikwa ya wazazi wawili. Haki hiyo itatimia kwa saa ambazo baba atazipata na kuzitoa, yaani saa za kumjua mtoto wake kwa jina la mwalimu wake, la rafiki yake na la ugonjwa unaomsumbua, na mwajiri, serikali na jirani wanapaswa kuzihesabu saa hizo kuwa kazi halali ya mwanamume.